Namna ya kupima sauti za "wanaanga waliokufa kwa siri" kabla hujazisambaza

Ukiletewa kwenye kundi la WhatsApp sauti ya mwanamke anayelia kwa Kirusi kwamba anaona moto, na maelezo ya Kifaransa kwamba ni mwanaanga wa Urusi aliyeachwa afe, usianze kubishana. Sauti hiyo inatoka kwa ndugu wawili wa Italia, Achille na Giovanni Judica-Cordiglia, waliokuwa na kituo chao cha redio, Torre Bert, karibu na Turin. Inapimika, hata kama mega zako ni chache.

Chukua karatasi uandike mambo manne: tarehe, chombo, kilikokuwa kikielekea, na masafa ya redio. Asipotajiwa mtu tarehe, hana cha kupima. Tarehe ikibadilika (ya mwanamke huyu ni mara 1961, mara 1963), ziandike zote.

Anza na uzito, ndiyo hesabu rahisi. Ndugu hao walidai kwamba Novemba 1960 chombo chenye mtu kiliita SOS huku kikizidi kwenda mbali na Dunia. Kuuponyoka mvuto wa Dunia kunataka karibu kilomita 11.2 kwa sekunde. Kuizunguka kwa chini, 7.8. Vostok, chombo kilichombeba Gagarin, mtu wa kwanza angani, ilikuwa na takriban kilo 4,700. Luna 1, chombo kisicho na mtu kilichoponyoka kweli mwaka 1959, ilikuwa na kilo 361. Venera 1, nayo isiyo na mtu, Februari 1961, kilo 644 hivi. Roketi ya kumtupa mtu huko haikuwepo. Uvumi wenyewe una pa kushikia: Mei 1960 chombo kisicho na mtu kilifunga breki kikiwa kimeelekea vibaya, kikapanda mzingo wa juu badala ya kushuka.

Halafu pima upeo, yaani umbali ambao chombo huonekana kabla ya kuzama nyuma ya Dunia. Kwenye kalkuleta ya simu, zidisha kimo kwa 12,740, kisha tafuta kipeuo cha pili. Kimo cha km 200 kinakupa karibu km 1,600. Cha km 100, karibu km 1,130. Sasa fuata njia: Vostok ya Gagarin ilifunga breki karibu na pwani ya Angola, ikakata bara letu kuelekea Misri huku ikishuka, hadi Urusi. Kutoka Misri hadi Turin ni zaidi ya km 2,000. Sauti ya megahezi 143.625, masafa ambayo Vostok ilizungumzia, kwa kawaida haivuki upeo huo, na hewa inapoanza kuwaka kukizunguka chombo, gesi ile ya moto hukata redio. Ila masafa ya megahezi 20 huweza kudunda angani yakafika mbali, kwa hiyo uliza masafa kabla ya kujiona umeshinda.

Wengi hukosea kwenye Audacity, programu ya kuchambua sauti: wanatafuta sauti ishuke kama ya pikipiki inayopita. Maneno yaliyotumwa kwa FM hayabadiliki mlio kwa sababu ya mwendo. Kinachohama ni masafa, kama kilohezi 3.5 juu na chini kwenye 143.625. Mlio hushuka kwenye ishara za Morse, kama hezi 500 kila upande kwenye megahezi 20. Omba faili itumwe kama dokumenti, maana WhatsApp huifinya sauti na kuiharibu. Angalia pia urefu: kwa kimo cha km 200 chombo hupita upeo hadi upeo kwa dakika saba hivi. Rekodi ya dakika ishirini mfululizo haitoki huko.

Kirusi mpelekee mtu aliyesoma Moscow. Lubumbashi wazee wa aina hiyo wapo. Mpe sauti tupu. Ukimsomea tafsiri kwanza, atasikia ulichomsomea. Wajuzi wameshaonyesha kwamba Kirusi cha rekodi hizo kina kasoro.

Mwisho linganisha na vifo vilivyofichwa kweli, kwa sababu vipo, na ndivyo vinavyoupa uvumi nguvu. Valentin Bondarenko, mwanaanga mwanafunzi wa miaka 24, aliungua tarehe 23 Machi 1961 ndani ya chumba cha mazoezi chenye oksijeni nyingi: pamba ya spiriti aliyojifutia ngozi iliangukia jiko la umeme. Ilikuja kuandikwa magazetini Urusi mwaka 1986. Oktoba 24, 1960 kombora la R-16 lililipuka Baikonur, kituo cha kurushia roketi, likamuua Marshal Nedelin, mkuu wa jeshi la makombora, na wengine wengi. Ikatangazwa kuwa ni ajali ya ndege. Wote hao walifia ardhini. Grigori Nelyubov, mmoja wa wanaanga wa kikosi cha kwanza, alifutwa kwenye picha, lakini alifukuzwa kikosini kwa utovu wa nidhamu, akagongwa na treni mwaka 1966. Na "maiti" iliyoshuka kwa parachuti Machi 1961 ni sanamu, Ivan Ivanovich, iliyorushwa pamoja na kanda ya kwaya kwa ajili ya kupima redio.

Mtu akikutajia roketi za OTRAG, kampuni ya Ujerumani Magharibi, zilizorushwa hapa Katanga, wakati huo ikiitwa Shaba, 1977 na 1978, mwambie hazikubeba mtu.

Jibu kundini kwa maandishi, si kwa sauti: taja dai, tarehe, na hesabu moja tu iliyolishinda. Ukirundika zote, watashika ile dhaifu.