Somo: Mjue mgeni wa mlima na wa mbio kabla hujampangia safari

Habari zenu wanajamvi. Somo hili ni la kampuni ndogo za Moshi na Arusha zinazouza Kilimanjaro na sasa zinawatolea macho wakimbiaji wa Kilimanjaro Marathon. Utafiti wa soko hauhitaji mshauri wa kulipwa kwa dola. Unahitaji daftari, simu na mtu anayeweza kuuliza swali kisha akanyamaza.

Hatua ya 1: Anza na uamuzi. Kabla ya dodoso, andika unataka kuamua nini. Tuongeze njia ya Lemosho ya siku nane au tubaki na njia ya Marangu yenye vibanda vya kulala? Mkimbiaji tumuuzie pia safari ya maporomoko ya Materuni? Swali ambalo jibu lake halitabadilisha chochote ofisini, lifute.

Hatua ya 2: Soma kilichopo. Benki Kuu, Ofisi ya Taifa ya Takwimu, wizara ya utalii na Uhamiaji huwahoji wageni wanaoondoka nchini, kwenye viwanja vya ndege na mipakani, na ripoti zao ziko mtandaoni bure. Humo utaona wageni wanatoka nchi gani, walikuja kwa shughuli gani, walilala siku ngapi, walitumia kiasi gani na nani alinunua kifurushi cha safari.

Ripoti hizo hazitakwambia kwa nini mteja alikuacha akaenda kwa jirani. Jibu hilo mnalo wenyewe, kwenye WhatsApp na baruapepe za watu walioulizia bei wakapotea. Pitieni maulizo ya msimu mzima: aliuliza nini kwanza, tulimjibu baada ya muda gani, alinyamaza baada ya ujumbe upi? Kwangu mimi hii ndiyo kazi yenye faida kuliko zote, na ndiyo watu wanairuka kwa sababu haina mbwembwe.

Hatua ya 3: Chagua mahali na saa. Hapa ndipo tafiti nyingi huharibika. Wengi hukimbilia geti la Mweka, wanakoshukia waliopanda kwa Machame, Lemosho na Umbwe. Mgeni ametoka kileleni, mita 5,895, ana furaha, miguu inamtetemeka, na mwongozaji amesimama pembeni akisubiri bahshishi. Unadhani atakwambia chakula kilikuwa kibaya? Tena aliyegeuzwa na ugonjwa wa mwinuko hayupo hapo. Huenda alishushwa jana, au kwa njia nyingine kabisa. Ukitegemea Mweka pekee utajaza daftari sifa, na wale wenye jambo la kukufundisha hutawaona.

Mhoji hotelini kesho yake, akishaoga na kulala, bila mwongozaji wake kuwepo. Walioishia njiani watafute kwa majina kwenye orodha yako, na uwahoji kwa upole: mtu aliyetumia akiba yake asifike kileleni hapendi kuhojiwa kama mshukiwa.

Mkimbiaji mkamate siku za kuchukua namba, si baada ya kilomita 42. Na usimwangalie Mzungu peke yake. Vikundi vya jogging hutoka Dar, Arusha na Nairobi, na mara nyingi hoteli huchaguliwa na kiongozi au mweka hazina wa kikundi. Huyo ndiye wa kuhoji.

Hatua ya 4: Uliza alichofanya. "Ungependa safari ya baiskeli?" Kila mtu atasema ndiyo, adabu haina gharama. Uliza hivi: Ulianza kupanga safari hii lini? Ulilinganisha kampuni zipi? Nani nyumbani alipinga? Ulitaka kulipia nini ukaghairi? Umefuatana na nani asiyekimbia, na yeye atafanya nini Jumapili asubuhi, wakati wa mbio?

Hatua ya 5: Panga majibu kwa aina ya mgeni, kisha rudi kwenye uamuzi wa hatua ya kwanza. Basi.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, nimehoji wageni 25. Naweza kuandika asilimia?
Usiandike, ndugu yangu. Kwa watu 25, mmoja tu ni asilimia 4. Wawili wakiamka vibaya, takwimu zako zinayumba. Andika "wengi", "wachache", na maneno yao wenyewe.

Dada, nikiwatumia dodoso kwa baruapepe wakisharudi kwao?
Tuma, lakini jua watakaojibu zaidi ni waliofurahi sana na waliokasirika sana. Wa katikati wapigie.

Kuna ruhusa yoyote inayotakiwa?
Ndani ya hifadhi usigawe madodoso kabla ya kuzungumza na uongozi wa KINAPA, yaani Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro. Pia tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Habari za afya, kama presha, kisukari au alivyougua mlimani, ni taarifa nyeti: omba ridhaa, na usizirushe kwenye grupu la ofisi.

Wapagazi nao tuwahoji? Bosi wangu anasema ni kupoteza muda.
Mwambie bosi wapagazi ndio wanaoona sahani zinarudi na chakula kipi na hema gani linavuja. Ila asiwahoji yeye, kwa sababu mbele ya anayepanga zamu kila kitu huwa safi. Tafuta mtu wa nje anayeaminika, kaeni mbali na ofisi, na uwalipe muda wao.