Skrini ya laptopu imegeuka nyeusi baada ya kuweka draiva ya NVIDIA kwenye Ubuntu: pa kuanzia

Usikimbilie kuweka Ubuntu upya. Kwenye laptopu yenye kadi mbili za michoro, ya Intel iliyomo ndani ya prosesa na ya NVIDIA iliyo peke yake, skrini ikiwa nyeusi mara nyingi mfumo umewaka na mafaili yako yapo. Kilichokwama ni picha.

Kwanza ingia BIOS (programu ya mashine yenyewe inayoanza kabla ya Ubuntu), kwa kawaida kwa F2 au Del mara tu unapowasha. Hapo Linux haijaanza. Skrini ikichezacheza au ikionyesha mistari hata humo, shida ni ya vifaa, mara nyingi waya au paneli, na hiyo ni kazi ya fundi. BIOS ikionekana safi, washa Ubuntu, subiri kidogo, kisha mulika skrini kwa tochi ya simu. Ukiona picha hafifu kwa mbali, taa ya nyuma ndiyo haijawaka, na dawa yake iko mwishoni.

Sasa bonyeza Ctrl+Alt+F3. Ukiombwa jina na nywila kwa maandishi, ingia, huhitaji hila nyingine. Isipotokea kitu, zima, washa tena huku ukigusa Esc (mashine za zamani zisizo na UEFI, yaani BIOS ya kisasa, shikilia Shift) mpaka menyu ya GRUB (programu inayowasha Ubuntu) itokee. Chagua Ubuntu, bonyeza e, tafuta mstari unaoanza na neno linux, na baada ya quiet splash andika:

nomodeset

Bonyeza F10. Neno hilo linaizuia kerneli (kiini cha Linux) isipange skrini kupitia draiva ya kadi. Utaingia, ila picha itakuwa nzito na mwanga huenda usipungue wala kuongezeka. Wengi huliacha humo moja kwa moja na kuamini wamepona. Hawajapona: prosesa ndiyo inayochora kila kitu, na betri inaliwa bure. Ni ngazi ya kuingilia tu.

Ukishaingia, uliza ni draiva gani inayotumika:

lspci -k | grep -EA3 'VGA|3D'

Soma mstari wa "Kernel driver in use" chini ya kila kadi. Intel inatakiwa iwe na i915 (mashine mpya kabisa huweza kuwa na xe), NVIDIA iwe na nvidia (draiva ya kampuni) au nouveau (draiva huria). Ukiwa umeingia kwa nomodeset, i915 na nouveau zitakosekana, usishtuke. Kumbukumbu za mara iliyogoma ndizo zenye ushahidi:

journalctl -k -b -1 | grep -iE 'nvidia|nouveau|i915'

Sababu inayosumbua zaidi ni Secure Boot, ulinzi wa mashine unaokubali programu zenye saini tu. Angalia kwa mokutil --sb-state. Ikiwa imewashwa, kerneli hukataa moduli (kipande cha draiva kinachopakiwa ndani yake) isiyo na saini inayoitambua, na sudo modprobe nvidia itakujibu "Key was rejected by service". Wakati wa kuweka draiva uliombwa nywila, halafu mashine ilipowaka ikatokea skrini ya buluu inayosubiri sekunde 10 tu. Ukiipita, ufunguo wa saini (MOK) haukusajiliwa. Rudia:

sudo mokutil --import /var/lib/shim-signed/mok/MOK.der

Washa upya, gusa kitufe chochote, chagua "Enroll MOK", "Continue", "Yes", kisha andika nywila uliyoiweka kwenye amri hiyo.

Kama Secure Boot haihusiki, safisha na uweke upya:

sudo apt purge '^nvidia-.*' '^libnvidia-.*'
sudo apt install linux-headers-$(uname -r)
sudo ubuntu-drivers install

Soma orodha ya vitakavyofutwa kabla ya kukubali. Ikiwa draiva uliipakua kama faili la .run kutoka tovuti ya NVIDIA, anza na sudo nvidia-uninstall. Hatushauri faili hilo kabisa, kwa sababu apt (programu ya Ubuntu ya kuweka vifurushi) hailijui, na kerneli ikibadilika unaweza kurudi gizani. Kadi za zamani nazo zina matoleo yake: nyingi za kizazi cha Kepler ziliishia 470, na draiva mpya haiwezi kuziendesha.

Skrini ikiwa nyeusi baada ya kusasisha kerneli pekee, ingia kupitia "Advanced options for Ubuntu" na uchague kerneli ya zamani. Kisha endesha dkms status (dkms hujenga moduli upya kwa kila kerneli). Moduli isipoonekana kama "installed" kwa kerneli mpya, aghalabu linux-headers (mafaili ya kujengea moduli) za kerneli hiyo hazipo.

Ukitumia sudo prime-select intel ili kuokoa betri, tundu la HDMI linaweza kufa, kwani kwenye laptopu nyingi limeunganishwa na kadi ya NVIDIA. Rudisha kwa sudo prime-select on-demand.

Kwa picha inayochezacheza ya Intel, jaribu neno i915.enable_psr=0. Kwa taa ya nyuma, acpi_backlight=native, na ikishindikana, vendor. Maneno haya yajaribu kwanza pale pale kwenye GRUB kwa e. Neno likifanya kazi, liandike ndani ya GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT katika /etc/default/grub, kisha sudo update-grub, la sivyo litapotea utakapowasha tena.