Jinsi ya Kuomba Dhamana ya Kodi kwa Kampuni ya Udhamini Unapotafuta Nyumba ya Kupanga

Mwenye nyumba anapodai mdhamini, anataka mtu atakayelipa kodi endapo mpangaji atashindwa, na mara nyingi masharti anayowekewa mdhamini huyo ni mazito kuliko ya mpangaji mwenyewe. Katika jiji la New York, kwa mfano, wenye nyumba wengi humtaka mpangaji awe na mapato ya mwaka yasiyopungua mara 40 ya kodi ya mwezi, na mdhamini wake mara 80. Mwanafunzi aliyetoka nchi nyingine, mfanyakazi aliyeajiriwa juzi au mtu aliyejiajiri anaweza kuwa na uwezo wa kulipa kodi bila taabu, lakini asiwe na ndugu hata mmoja anayefikia kiwango hicho. Kampuni ya udhamini huziba pengo hilo: unailipa ada, nayo inamwahidi mwenye nyumba kwa maandishi kwamba itabeba kodi usipolipa.

Kabla ya kugusa fomu yoyote, lielewe jambo moja vizuri. Dhamana hii humlinda mwenye nyumba, haikulindi wewe. Kampuni ikilipa kodi kwa niaba yako, itakugeukia na kukudai fedha hizo zote, na mikataba mingi huiruhusu kuongeza gharama za ufuatiliaji. Wapo wanaolipa ada wakiamini kwamba wamekata bima ya kuwasitiri siku wakipoteza kazi, na kutoelewa huko ndiko kunakoumiza watu zaidi katika shughuli hii nzima.

Hatua ya kwanza ni kumuuliza mwenye nyumba au wakala wake kama anakubali mdhamini wa kampuni, na kama anakubali, ni kampuni zipi. Jibu lipate kwa maandishi, hata kama ni ujumbe mfupi wa barua pepe. Nchini Japani swali hili mara nyingi hujijibu lenyewe, kwa kuwa wakala ndiye huitaja kampuni anayofanya nayo kazi na mpangaji hana nafasi kubwa ya kuchagua. Nchini Uingereza mpangaji anaweza kutakiwa atafute mwenyewe, na hapo ndipo wengi hukosea utaratibu kwa kulipa kwanza na kuuliza baadaye, wakabaki na cheti cha dhamana ambacho mwenye nyumba hakitambui.

Wakati ukisubiri jibu, chunguza kama kuna dhamana isiyo na malipo unayostahili kuipata. Ufaransa ina mpango wa Visale, unaoendeshwa na Action Logement, shirika la masuala ya makazi la huko, ambao haumtozi mpangaji wala mwenye nyumba na uko wazi kwa vijana wa miaka 18 hadi 30 na kwa makundi mengine yanayotimiza masharti yake. Nchini Uingereza baadhi ya vyuo vikuu huwadhamini wanafunzi wao, hasa wale wa kigeni. Kulipia kitu ambacho ungekipata bure ni hasara inayoepukika kwa kuuliza tu.

Ukishajua kampuni unayoiendea, hakikisha kwamba imesajiliwa, kwamba anwani yake ni ya kweli, na kwamba akaunti ya kupokelea ada iko kwa jina la kampuni wala si la mtu binafsi. Anayekuharakisha ulipe leo hii ili nyumba isichukuliwe na mwingine, huku hajakuonyesha mkataba, mwache.

Nyaraka zinazoombwa hazitofautiani sana: kitambulisho au pasipoti, kibali cha ukaazi kwa mgeni, barua ya mwajiri au ya udahili wa chuo, hati za mshahara za miezi ya karibuni, taarifa ya benki, pamoja na rasimu ya mkataba wa pango au walau anwani ya nyumba na kiasi cha kodi. Aliyejiajiri huongeza hesabu za biashara au hati za kodi ya mapato. Jambo dogo linalochelewesha maombi mengi ni majina kutolingana: pasipoti ina majina matatu, taarifa ya benki ina mawili, na mkataba wa pango umeandikwa jina la ukoo mbele. Andika jina kama lilivyo kwenye pasipoti kila mahali, na palipo na tofauti ambayo huwezi kuirekebisha, ambatisha maelezo mafupi. Baadhi ya kampuni hutaka pia mtu wa kusaini pamoja nawe, atakayewajibika kwao usipolipa. Mtu huyo asomewe masharti yote kabla hajaweka sahihi, kwa sababu naye anaweza kudaiwa.

Maombi yakikubaliwa utapewa makadirio ya ada. Uliza kama inalipwa mara moja au hurudiwa kila mwaka, na kama utarudishiwa fedha zako endapo nyumba itakuponyoka kabla ya kusaini.

Kisha soma mkataba wa dhamana, na hapa usiwe na haraka hata kidogo. Tazama kama unagharamia kodi peke yake au na uharibifu wa nyumba, una kikomo cha kiasi gani, na unaendelea hadi lini ikiwa muda wa pango utaongezwa au kodi itapanda. Kwa wanaopanga pamoja, kifungu cha kutafuta ni kile kinachosema kwamba wapangaji wanawajibika kwa pamoja na kila mmoja peke yake. Tuseme mko wanne na mmoja ameondoka bila kulipa: kwa kifungu hicho mwenye nyumba anaweza kukudai wewe sehemu yake, na kama dhamana yako imeandikwa kwa kodi ya nyumba nzima, kampuni italipa sehemu hiyo kisha ikudai wewe. Omba iandikwe kwamba inadhamini sehemu yako tu, kisha umuulize mwenye nyumba kama ataikubali hivyo.

Baada ya sahihi na malipo, cheti hupelekwa kwa mwenye nyumba. Usichukulie kwamba kimefika. Omba athibitishe kwamba amekipokea, nawe uhifadhi nakala pamoja na stakabadhi ya ada.

Ikitokea kwamba kodi ya mwezi fulani itakushinda, wajulishe mwenye nyumba na kampuni kabla ya tarehe ya malipo, kwa maandishi, ukipendekeza namna ya kulipa. Kunyamaza kunaweza kukugharimu nyumba inayofuata: nchini Japani baadhi ya kampuni hizi hubadilishana kumbukumbu za wapangaji waliochelewa kulipa.

Siku unapohama, toa notisi kwa pande zote mbili, sitisha malipo ya ada yanayojirudia yenyewe, na uombe barua inayosema kwamba dhamana imefungwa na hakuna deni lililobaki. Barua hiyo itunze angalau hadi amana yako itakaporudishwa yote.