Mboga za nyuma ya nyumba mwezi wa sita: shukuru, halafu uchume vizuri

Huku Vihiga na Kakamega, magharibi mwa Kenya, mvua haikatiki ghafla, mwezi wa tano ikishapungua bado jioni inaangusha, kwa hivyo saa hii saga (mgagani), managu (mnavu), kunde na mrenda zimeshika kabisa na ukitoka asubuhi ukaziona unasema tu asante Mungu kabla hata hujashika jembe. Sema, ni haki yake. Lakini mimi naamini shukrani ya mboga inaonekana kwa mkono unaochuma, na hapo ndio nyumba nyingi zinapoteza.

Watu wanang'oa managu na mizizi, wanapika siku moja basi imeisha! Wacha mizizi jamani. Ikifika magotini ikate ubakishe kama sentimita 15 kutoka chini, itatoa matawi ya pembeni na baada ya wiki moja ama mbili unachuma tena, na inaweza kukulisha hivyo miezi kadhaa. Saga nayo ina haraka ya maua, ukiona ua likate mapema maana ikishaanza kubeba mbegu majani yanakuwa madogo na magumu. Sukuma wiki nayo chuma majani ya chini, bakisha manne matano ya juu.

Kila ukimaliza kuchuma rudishia udongo chakula, konzi moja ya samadi kando ya shina, isiguse shina lenyewe. Iwe imeoza sawasawa, haina joto tena wala harufu ya zizi, kwa sababu mbichi inachoma mizizi na inakuletea magugu.

Wale wadudu weusi wanaojazana kwa kunde, waoshe na maji ya sabuni asubuhi mapema, rudia baada ya siku chache. Kama umepiga dawa ya duka soma kibandiko, subiri siku zilizoandikwa ndio uchume, hata kama sufuria iko tupu, hao ni watoto wako wanakula.

Kitu kingine, usipande managu pale ulitoa nyanya ama viazi, hizo ni ukoo mmoja na ugonjwa wa kunyauka unabaki kwa udongo. Hapo weka kunde.

Kwetu mchumo wa kwanza haupikwi nyumbani, unaenda kwa jirani mwenye umri ama kanisani, na watoto ndio wanapeleka ili wajue chakula kinatoka kwa nani.

Halafu kabla hujamaliza yote chagua miti mitatu minne ya saga yenye afya kuliko zingine, usiiguse tena, iache itoe maua. Maganda yakigeuka manjano yachume kabla hayajapasuka, anika kivulini, weka mbegu kwa chupa kavu. Mbegu mpya ya saga huwa imelala, ukiimwaga saa hiyo hiyo inaota kidogo sana, kwa hivyo iweke miezi kadhaa, na siku ya kupanda changanya na mchanga mkavu, omba, umwage kwa mstari na uifunike na udongo mwembamba tu.