Vifaranga wa samaki wana kinga yao, usiivunje

Mfugaji anaweka vifaranga elfu moja bwawani, analisha miezi sita, siku ya kuvua hata nusu hawafiki. Wa kwanza kushukiwa ni mlinzi, wa pili ni jirani. Mimi nikiitwa kwenye bwawa la namna hiyo, kabla ya habari za wezi naomba chujio la jikoni na chupa ya kioo, kisha napitisha chujio mara moja kwenye majani ya ukingoni.

Mara nyingi anatoka tunutu wa kereng'ende, yaani mtoto wake anayeishi majini. Ni mdudu wa rangi ya tope, urefu wake kama kiungo cha kidole, katulia utadhani kipande cha jani lililooza. Mtie kwenye chupa pamoja na kifaranga mmoja wa kambale wa wiki moja, halafu mwite mwenye bwawa aje aangalie. Dakika kadhaa zinapita hakuna kitu. Kifaranga akikatiza mbele yake tu, mdomo wa chini wa tunutu, uliokuwa umekunjwa chini ya kichwa kama mkono, unafyatuka. Macho hayawahi. Unachokiona ni kifaranga ameshadakwa. Nimeona watu waliofuga samaki miaka mingi wakinyamaza kabisa baada ya hapo.

Hata hivyo, kifaranga hakuja duniani mikono mitupu. Kambale wachanga hukimbia mwanga. Wakishaanguliwa hulundikana chini penye giza, na mchana hawatoki bila sababu. Hiyo ndiyo ngome yao, nasi ndio tunaoibomoa: tunawaweka kwenye tangi jeupe lililo wazi juani, hakuna hata pembe ya kujisitiri. Wanazunguka mchana kutwa, wanachoka, na wakubwa wanaanza kuwala wadogo. Funika sehemu ya tangi kwa turubai au makuti, uone jinsi wanavyotulia. Na uwapange kwa ukubwa, kwani kambale aliyewazidi wenzake umbo kidogo tu ni adui mbaya kuliko mdiria, yule ndege anayevua samaki.

Wakifikisha umri wa wiki mbili hivi, kambale huanza kupanda juu kuvuta hewa. Uwezo huu unamwokoa maji yanapochafuka, ila unamtoa mafichoni. Huko juu kuna ndege, na kuna wale wadudu wanaoogelea chali, miguu yao kama makasia, ambao humchoma kifaranga na kumfyonza.

Mdudu huyo wa chali naye hupumua hewa ya juu, na hapo ndipo anapokamatika. Siku moja au mbili kabla ya kuweka vifaranga, upepo ukiwa umetulia, mwaga mafuta kidogo ya kula yatandae juu ya maji kama utando mwembamba. Atakosa hewa, atakufa. Fanya hivyo kabla tu, si baada ya kambale kuanza kupanda juu. Tunutu wa kereng'ende usimtegemee kufa kwa njia hiyo, maana yeye hupumua majini kwa matamvua yaliyo ndani ya sehemu yake ya nyuma. Dawa yake ni muda. Kereng'ende hutaga mara tu anapoona maji, na bwawa lililokaa wiki tatu bila samaki ni shamba lake. Kausha bwawa mpaka udongo upasuke, weka chokaa kwa kiasi utakachoelekezwa na afisa uvuvi wako kulingana na udongo, jaza maji kupitia wavu wenye matundu madogo, na vifaranga waingie ndani ya wiki moja. Majani ya ukingoni yafyekwe yawe mafupi.

Sato ana mbinu nyingine. Jike hukusanya mayai mdomoni na kuyaatamia humo humo, huku akila kidogo sana au asile kabisa. Baada ya siku kumi hivi watoto huanza kutoka, lakini kivuli kikipita juu yao wanarudi mbio mdomoni mwa mama. Ukikaa kimya asubuhi utaliona kundi limesogea ukingoni kwenye maji ya uvuguvugu. Sasa, kuna mfugaji anayevuta wavu kila siku chache ili aone samaki wanaendeleaje. Jike akinaswa hutema mayai yote, na wenzake wanayala. Ukitaka vifaranga, acha bwawa la uzalishaji litulie, kisha chota makundi ya ukingoni kwa wavu laini na uwahamishe, kwa sababu vifaranga waliotangulia kuzaliwa huwala wanaofuata.

Ipo kinga isiyoonekana kabisa. Mwaka 1938 mtafiti wa Austria, Karl von Frisch, alieleza alichokiona kwa samaki wadogo wa mtoni: ngozi ya mmoja ikijeruhiwa, kitu fulani hutoka majini na wenzake wote hutawanyika kwa hofu. Kambale wamo katika jamii kubwa ya samaki wenye tabia hiyo. Kwa hiyo ukiwapanga kwa ukubwa kwa wavu mkavu wenye kukwaruza, kisha ukawamwagia chakula, usishangae kikiozea chini. Tumia wavu laini uliolowa, wapange asubuhi, chakula kingoje.

Hata viroboto wa maji, vile vidudu vinavyorukaruka na ambavyo ni chakula bora cha vifaranga, vina ujanja wao. Aina fulani zikinusa harufu ya adui majini, watoto wao huota vijimiba shingoni. Wengi huzama mchana na kupanda usiku ili samaki wasiwaone. Anayekwenda kuwachota saa saba mchana anarudi na ndoo tupu, analaumu mbolea. Nenda alfajiri.

Viluwiluwi weusi wanaotembea kwa makundi usidhani kambale wakubwa watakusafishia. Hao ni watoto wa chura wa nchi kavu, wana sumu ngozini, samaki wengi wakiwaonja huwatema. Ndiyo maana hawajifichi. Chota ile mikanda mirefu ya mayai asubuhi kabla hayajaanguliwa, na kwenye bwawa la kulelea kambale zungushia mabati au plastiki ngumu, upande wa chini ukiwa umefukiwa, chura asipite.

Kuhusu ndege, maji yenyewe yakiwa ya kijani ni pazia. Zamisha mkono taratibu: kiganja kikipotea machoni maji yanapofika kwenye kiwiko, ukijani unatosha. Ukiona vidole vyako mpaka mkono mzima umezama, mdiria naye anawaona vifaranga. Ongeza samadi kidogo kidogo. Kiganja kikipotea maji yakiwa bado kwenye kifundo, acha mbolea na uongeze maji mapya, la sivyo alfajiri hewa itakwisha bwawani.

Chujio nalo liache hapo hapo bwawani, litundikwe kwenye mti. Ukilipitisha mara tano kabla ya kuweka vifaranga na kila mara tunutu wakatoka, usiwamwage vifaranga humo kwa kuwa tu umeshawalipia. Waache tangini chini ya turubai, toa maji, uanze upya.