Kiazi cha dalia: tafuta jicho kabla hujachimba shimo

Anayepanda ua la dalia mara ya kwanza hukidhania kiazi chake kuwa kama kiazi mviringo, chenye macho mwili mzima. Kifananishe na muhogo. Muhogo wenyewe, hata uwe mnono vipi, ukiufukia hauoti. Kinachoota ni shina. Kwa dalia pia, ile sehemu nene ni ghala tu la chakula na maji. Uhai uko juu, pale kiazi kinaposhikana na kitako cha shina la msimu uliopita.

Hatua ya 1: Kikague kuanzia juu. Osha udongo, kikaushe kivulini, kisha kigeuzegeuze kwenye mwanga. Kuna tumbo, kuna shingo nyembamba, kuna kipande cha kitako. Jicho hukaa kwenye kitako: kijinundu kadiri ya kichwa cha njiti ya kiberiti, mara nyingi chenye wekundu au ukijani. Kiazi kisicho na kipande cha kitako hakitachipua, hata ukingoje mwaka.

Sasa shika kitako, utikise taratibu. Tumbo likining'inia kwa ngozi tu, shingo imevunjika ndani na chakula hakipiti. Kitupe. Hasara nyingi za wageni wa dalia zimejificha hapo, kwa sababu kwa nje kiazi kinaonekana kizima.

Hatua ya 2: Kibonyeze. Kigumu kama karoti ni kizuri. Kilichokunjamana kidogo bado kinafaa. Kinachobonyea, kutoa maji na kunuka kimeoza. Kama ni ncha tu iliyooza, kata kwa kisu safi hadi ufike kwenye nyama nyeupe, kisha acha kidonda kikauke siku 2. Kitako chenye uvimbe wa mabonge kama koliflawa kina ugonjwa wa bakteria: choma moto, usafishe kisu.

Ukubwa usikusumbue. Unene wa kidole gumba unatosha.

Hatua ya 3: Kiamshe. Wiki ya mwisho ya Oktoba, chukua beseni lililotobolewa chini, weka mchanga wa mto au vumbi la mbao lenye unyevu. Ukikamua konzi moja, maji yasidondoke. Laza viazi, vifukie tumbo tu; shingo na kitako vibaki nje. Weka kwenye joto na mwanga, lakini si juani. Wiki 2 hadi 3 vingi huonyesha macho. Vinavyochelewa huchukua wiki 5.

Hatua ya 4: Panda mvua zikishashika, kwa Tabora kuanzia katikati ya Novemba. Chagua udongo wa kichanga, uinue tuta. Kwenye mbuga inayotuamisha maji viazi huoza. Epuka pia pale palipokuwa na tumbaku au nyanya msimu uliopita, kwa kuwa minyoo fundo, ile midogo inayotia mizizi vinundu, hubaki ardhini na kuishambulia dalia. Chomeka mti wa kuegemezea kwanza, wa mita 1.2, ili usije ukakitoboa kiazi baadaye. Shimo liwe sm 10 hadi 15, kiazi kilale, jicho litazame juu. Nafasi sm 50.

Usimwagilie mpaka chipukizi litokeze. Kiazi hakina mizizi bado, hakiwezi kunywa. Maji yanakiozesha tu.

Maswali ya wanachama

*Nzega: Shikamoo mwalimu. Kitako changu kina macho matatu na viazi vitano. Nigawe?*
Marahaba dada. Gawa, ila kila kipande kiwe na jicho, shingo nzima na tumbo. Kama macho hayaonekani vizuri, amsha kwanza, ugawe baadaye. Vidonda vikauke siku moja au mbili kabla ya kurudisha kwenye mchanga.

*Sikonge: Samadi niweke kiasi gani?*
Iliyooza kabisa, koleo moja kwa shimo, uichanganye na udongo. Mbichi inaunguza. Ikizidi, kaka, utavuna majani na shina laini linalolala upepo ukivuma.

*Urambo: Kwenye picha za Ulaya dalia inafika kifuani. Yangu imetoa ua ikiwa goti tu. Kiazi kibovu?*
Hapana, ni urefu wa mchana. Kule kiangazi mchana ni mrefu, mmea unakua kwanza. Tabora, nyuzi 5 kusini mwa ikweta, mchana ni kama saa 12 mwaka mzima, na kwa dalia huo ni ufupi unaoiambia itoe maua na inenepeshe viazi. Usichelewe kupanda, maana Novemba hadi Januari mchana wetu umerefuka kidogo. Ikifikisha jozi 4 za majani, kata kilele. Itatoa matawi ya pembeni.

*Igunga: Wiki ya sita ardhini, kimya. Nifukue?*
Fukua kwa mkono kutoka pembeni, usitumie jembe. Kikiwa kigumu na kina jicho, kirudishe. Kikiwa kimeota vizizi vyeupe bila chipukizi, tazama kitako: pengine hakikuwa na jicho tangu mwanzo.