Mwanao anapokwenda kusomea nyuklia katika Jeshi la Wanamaji la Marekani

Mtoto wa mwaka wa mwisho wa sekondari akipata alama za juu kwenye ASVAB, mtihani wa kupima uwezo wa wanaotaka kujiunga na jeshi, simu ya afisa uandikishaji haikawii kulia. Kwa wale walio wazuri wa hesabu, Jeshi la Wanamaji huja na kazi ya nyuklia: mkataba wa miaka 6, bonasi nono ya kujiunga, cheo cha kuanzia kilicho juu ya makuruta wengi, na ujuzi ambao mitambo ya umeme nchi nzima inautafuta. Manowari zote za kubeba ndege na nyambizi zote za Marekani zinaendeshwa kwa nyuklia, kwa hiyo watu wa kazi hii hawatoshi kamwe.

Binti yangu amepita njia hiyo, na tangu hapo wazazi wenzangu wa Kitanzania, Kikenya na Kikongo hawaachi kunipigia simu. Ninachowaambia wote ni hiki: kazi kubwa ya mzazi iko kabla mtoto hajaondoka, kwenye makaratasi. Akishaondoka, kazi yako ni kuwa mtu mmoja asiyemtahini.

Makaratasi, na mapema

Mwenye grinikadi anaweza kujiunga na Jeshi la Wanamaji, lakini si kwenye nyuklia. Hapo wanataka raia. Wengi wetu hatujui kwamba tangu Februari 2001, mtoto aliye chini ya miaka 18, mwenye grinikadi na anayeishi chini ya malezi ya mzazi wake, anakuwa raia papo hapo mzazi huyo anapoapa uraia. Haapi mwenyewe. Nimekutana na vijana wa miaka 19 wanaojiona si raia, kumbe ni raia tangu wakiwa darasa la sita, ila hakuna aliyewaombea pasipoti. Muombee pasipoti ya Marekani sasa, au cheti cha uraia, kabla hajakanyaga ofisi ya uandikishaji.

Kisha kuna fomu ndefu ya SF-86, ya kuombea kibali cha usalama. Hii ndiyo inayowatoa jasho watoto wetu kuliko watoto wa majirani. Inauliza alikoishi mwaka baada ya mwaka, ndugu zake ni akina nani, wamezaliwa wapi na ni raia wa wapi. Inauliza mali iliyo nje ya Marekani. Kile kiwanja cha Kibaha au Kitengela ulichoandikisha kwa jina la mtoto ili kisije kuliwa na ndugu, kinaingia humo. Inauliza kama amewahi kumsaidia kwa fedha mtu asiye raia wa Marekani. Dola alizomtumia shangazi kwa M-Pesa, za dawa, nazo zinaingia humo.

Hakuna kati ya hayo linalomnyima mtu kibali kwa sababu tu lipo. Kinachomwangusha ni kuficha, au maelezo yake kutofautiana na ya makaratasi mengine. Kwa hiyo kaa naye mezani jioni moja, mwandike majina kamili ya ndugu, tarehe za kuzaliwa na anwani. Familia zilizopitia kambi za wakimbizi, Nyarugusu au Kakuma, mara nyingi zina watoto waliosajiliwa kuwa wamezaliwa tarehe 1 Januari. Kama cheti cha ubatizo kinasema vingine, mtoto ajue tangu mwanzo na aeleze kwa maneno yake. Baba mdogo aliyeandikwa kuwa baba kwenye fomu za ukimbizi ili familia isitenganishwe, hilo linataka wakili wa uhamiaji kabla ya kitu kingine chochote. Msilipeleke kwa mwandikishaji mkitumaini litajipanga lenyewe.

Kuhusu pasipoti ya nyumbani: Kenya inaruhusu uraia wa nchi mbili tangu katiba ya 2010, Tanzania hairuhusu kwa mtu mzima. Vyovyote ilivyo, aitaje kwenye fomu.

Njia yenyewe

Anaanzia Great Lakes, kaskazini mwa Chicago, kwenye mafunzo ya ukuruta ya miezi miwili na kidogo. Simu ya kwanza ni fupi, kama anasoma karatasi: nimefika, niko salama, kwaheri. Usiingiwe na hofu. Baada ya hapo ni barua, zile za wino na bahasha. Mwandikie kila wiki, kwa Kiswahili au kwa lugha yenu ya nyumbani, hata kama mtakayosimulia ni jirani kanunua gari. Usitume maandazi.

Kutoka Great Lakes anakwenda Goose Creek, karibu na Charleston, South Carolina. Shule ya fani inakuja kwanza: mafundi mitambo miezi 3 hivi, wa umeme na elektroniki miezi 6 hivi. Halafu inakuja ile wenyewe wanayoiita Power School, miezi 6 ya hesabu, fizikia ya nyuklia, kemia, jinsi joto linavyosafiri na maji yanavyokwenda ndani ya mabomba, sayansi ya metali, kinga ya mionzi. Mwisho ni prototaipu, miezi mingine 6 hivi kwenye kinu halisi cha nyuklia kinachowaka: ama hapo hapo Charleston, ndani ya nyambizi za zamani zilizofungwa gatini na kufanywa madarasa, ama Ballston Spa, jimbo la New York. Ukijumlisha na siku za kungoja zamu, inaweza kufika karibu miaka miwili.

Mpango huu ulijengwa na Amirali Hyman Rickover, aliyeisimamia kazi iliyozaa Nautilus, nyambizi ya kwanza ya nyuklia, iliyoingia baharini kwa nguvu hiyo Januari 1955. Ukali wake haujapoa hadi leo. Alama ya juu kabisa ni 4.0, na ya kufaulu ni 2.5. Usicheke hiyo 2.5. Watoto waliokuwa wa kwanza darasani tangu chekechea wanafika Goose Creek na kupata 2.7, na ni mara ya kwanza maishani mwao kusoma kwa nguvu zote na bado kuponea chupuchupu.

Sasa elewa siku yake ilivyo. Anayosoma ni siri ya serikali. Daftari halitoki jengoni, wala simu haiingii. Kwa hiyo hana namna ya kujilaza kitandani na kupitia masomo usiku. Darasa likiisha analazimika kubaki mle mle, na mwenye alama za chini hupangiwa saa za ziada za lazima kila wiki, jioni hadi usiku na mwishoni mwa juma. Anatoka giza limeingia, anawasha simu, anakuta ujumbe kumi na saba kwenye kundi la ukoo: hongera mjukuu, tunakuombea injinia wetu, usituangushe. Binti yangu alikuwa akizisoma na kuzima simu tena. Aliniambia hivyo baadaye sana.

Kwenye prototaipu wanaingia zamu za saa 12, zinazobadilika wiki hadi wiki, mchana kuwa usiku na usiku kuwa mchana. Hapo mtihani ni wa kusimama mbele ya wakufunzi na kujieleza kwa mdomo: valvu hii ikifungwa, nini kinatokea kule? Lazima apate saini za kuonyesha ameimudu kila sehemu ya mtambo. Kwa mtoto aliyefunzwa nyumbani kwamba mkubwa akiuliza unajibu kwa ufupi na kuinamisha macho, jaribio hili lina ugumu wa peke yake. Mazoezi unaweza kumpa tangu akiwa shule: mwache akueleze jinsi friji inavyofanya kazi, mkatize, muulize kwa nini, mwache abishe kwa adabu.

Cha kumwambia kwenye simu

Usiulize alama. Najua jinsi hilo lilivyo gumu kwetu, sisi tuliokagua ripoti za shule kwa kalamu nyekundu. Muulize amekula nini. Amelala saa ngapi. Jumapili alikwenda wapi. Akisema "nimechoka tu, Mama," usimjibu kwa habari za ulivyofagia maghala usiku huku ukisoma ualimu. Anazijua. Zinamzidishia deni ambalo hana wakati wa kulilipa. Mwambie "pole mwanangu," kisha nyamaza, mwache azungumze au asizungumze.

Usimuulize undani wa kazi pia. Kinu kinavyofanya kazi, chombo kinapokwenda, tarehe za safari, haviulizwi wala haviwekwi kwenye makundi ya WhatsApp, hata kwa nia ya kuomba dua. Kwa ndugu wa nyumbani jibu ni moja: anasomea mitambo ya meli.

Wataulizia na mionzi, hasa kama ni binti, kwamba atazaa kweli? Kila anayefanya kazi karibu na kinu huvaa kipimo cha mionzi na dozi yake huandikwa miaka yote. Aliye ndani ya nyambizi chini ya maji huchukua mionzi ya asili pungufu ya sisi tulio nchi kavu, kwa kuwa bahari inamkinga na ile itokayo angani na ardhini. Mimi hofu yangu haikuwa huko. Ilikuwa kwenye usingizi na upweke.

Hilo la upweke nataka tulishike kwa mikono miwili, kwa sababu kwetu mtu husema kichwa kinamuuma hata pale moyo ndio unaouma. Mtoto akianza kukupigia usiku wa manane bila habari yoyote, akiacha kula, akisema afadhali asingekuwepo, usimwambie avumilie. Kasisi wa jeshi anaongea na wa dini yoyote na asiye na dini, na haruhusiwi kutoa siri aliyoambiwa, hata kwa kamanda. Sheria iitwayo Brandon Act, iliyotiwa saini Desemba 2021, inampa askari haki ya kuomba kupimwa afya ya akili kupitia kiongozi wake bila kulazimika kutoa sababu. Kwa hali ya hatari kuna namba 988, kisha anabonyeza 1, usiku na mchana. Mpe namba hiyo kabla hajaihitaji, siku mnayocheka.

Na akishindwa? Wapo wanaoondolewa kwenye nyuklia kwa alama, kwa afya, au kwa nidhamu. Kwa anayeshindwa kwa alama, mara nyingi jeshi humpeleka kwenye fani nyingine na anaendelea na utumishi wake. Aibu inayombana haitoki jeshini, inatoka kwetu, kwenye ile sherehe tuliyofanya na picha tulizosambaza kabla ya wakati. Mwambie mapema, kwa maneno yanayosikika, kwamba mlango wa nyumbani hauna alama ya kufaulu.

Msiba ukitokea nyumbani

Hapa ndipo jeshi na mila zetu hupishana. Likizo ni siku 30 kwa mwaka, siku mbili na nusu kila mwezi, na wakati wa masomo hachukui anapotaka. Likizo ya dharura inatazamwa hasa kwa mzazi, ndugu wa kuzaliwa naye, mwenzi na mtoto. Bibi hayumo, hata kama ndiye aliyemlea kule Moshi hadi akafikisha miaka 9 ukiwa wewe Marekani unatafuta. Ila sheria zao zinamtambua mtu aliyesimama mahali pa mzazi. Kama bibi ni huyo, mtoto awaeleze wakubwa wake mapema, asingoje siku ya kilio.

Siku hiyo ikifika, usimpigie mtoto kwanza ukitarajia atajipeleka ofisini na kilio chake. Piga Msalaba Mwekundu wa Marekani, 1-877-272-7337. Wao huthibitisha taarifa na kuipeleka kwa kamanda. Watataka jina lake kamili, cheo, tarehe ya kuzaliwa na anwani ya kikosi, pamoja na jina na simu ya daktari au hospitali ya kule. Kwa hiyo andika hayo kwenye karatasi leo, na ndugu wa nyumbani ajue kwamba namba ya simu ya daktari ndiyo ya kwanza kutafutwa. Familia za Kiislamu, ambazo mazishi hayangoji, ziseme wazi tangu simu ya kwanza. Hata akiruhusiwa, kusafiri nje ya nchi kunataka idhini nyingine ya kikosi, na anayekwenda Tanzania kwa pasipoti ya Marekani anahitaji viza. Mara nyingi atawahi arobaini, si mazishi. Waandae wazee kwa hilo.

Fedha sitazizungumza sana. Mshahara unaonekana mkubwa kwa kijana asiyelipa pango, na nje ya lango wapo wauza magari wanaolijua hilo vizuri kumshinda yeye. Aweke asilimia 5 kwenye akiba ya uzeeni ya TSP, kwani akishatimiza miaka miwili serikali inamwongezea sawa na hiyo. Na wewe uwe ukuta kati yake na ukoo: maombi ya ada na mabati yapitie kwako, wala namba yake usiigawe.

Akihitimu anapangiwa chombo: Norfolk, Groton, Kings Bay, San Diego, Bremerton, Pearl Harbor, au Yokosuka kule Japani. Wa nyambizi wanaweza kukaa wiki nyingi bila simu, na barua pepe zikifika zinafika kwa mafungu. Kila kikosi kina mtu wa kujitolea anayeitwa ombudsman, anayewapa familia taarifa zinazoruhusiwa. Wazazi hawamo kwenye orodha yake mpaka askari mwenyewe awaandike. Mkumbushe mwanao aandike jina lako na namba yako wiki ile ile anayoripoti.